Picha Isiyo na Mtu

Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, Delvina Etcitty aliamka kabla ya jua, akakoka moto kwenye jiko la kuni, akakoroga uji wa mahindi ya buluu wenye majivu ya mtarakwa, kisha akatoka na koti la babake mabegani kwenda kuwasha pikapu. Injini ilitaka robo saa ipate joto. Ndani ya robo saa hiyo alikunja blanketi la kumfunika mzee miguu, akamimina kahawa nusu kikombe, nusu tu, maana mtu ambaye figo zake zimelala haruhusiwi kunywa akashiba. Halafu alipiga honi mara moja, na Mzee Leander akatoka amevaa shati la flana ambalo mkono wake wa kushoto ulipasuliwa na kushonewa vifungo, ili wauguzi waufikie mshipa bila kumvua nguo. Saa nzima ya barabara hadi mjini, saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu, saa nzima ya kurudi. Huu ulikuwa mwaka wa pili.

Jumamosi hii alipiga honi, mzee hakutoka. Akapiga tena. Mvua iliyonyesha siku tatu mfululizo ilikuwa imekatika alfajiri ile, lakini mawingu yalikuwa chini bado, yameketi juu ya paa la nyumba. Delvina alikwisha kufungua mlango wa gari aende kumtazama, ndipo mzee alipojitokeza.

Hakuvaa shati la vifungo. Alivaa viatu vyake vya ngozi vilivyopakwa mafuta, koti zito la kazi, na kofia nyeusi yenye mkanda wa fedha. Mavazi hayo alikuwa akiyavaa zamani, alipokuwa kiongozi wa wapiga picha. Kwa miaka arobaini wageni walikuwa wakija kutoka pande zote za dunia kupiga picha korongo, na yeye ndiye aliyewaonyesha pa kusimama.

"Nenda kachukue kamera yako," alisema.

"Baba, tutachelewa. Barabara ina matope mpaka kwenye daraja."

"Ndiyo maana nasema uende upesi."

"Kamera ya kwenda nayo hospitali?"

"Hospitali haina miguu, itakuwa palepale. Lile halimsubiri mtu." Akanyoosha midomo upande wa mashariki, kulikokuwa korongo, maana watu wa kwao, wenyeji wa asili wa nchi ile, hawaelekezi kwa kidole. "Tufani inaachia. Nimeinusa tangu nikiwa kitandani."

Delvina alisimama na funguo mkononi. Angeweza kubisha. Alikuwa na umri wa miaka thelathini, na tangu utotoni aliogopa kubisha kuliko alivyoogopa nyoka. Lakini hakunyamaza kwa sababu hiyo. Kulikuwa na swali moja kooni, nalo lilikuwa hili: ni leo tu, Baba, au ndiyo basi? Swali hilo hakuweza kuliuliza. Kwao neno likishatamkwa limetoka kwenda kutafuta kazi, na mtu hapeleki neno kama lile kwa mzazi wake.

Hata daktari ilibidi afundishwe. Mwezi wa kwanza wa matibabu, daktari kijana mgeni wa nchi ile alimwambia mzee usoni: ukiacha mashine utakufa. Mzee Leander alivaa kofia yake akatoka chumbani bila kuaga. Tangu siku hiyo muuguzi, Bi. Lucinda Tsinnie, alimwelekeza daktari jinsi ya kusema, naye akasema vizuri: "Kuna mgonjwa mmoja, si wa hapa, aliacha mashine. Alikaa wiki moja. Pengine siku kumi." Mzee akaitikia kwa kichwa, kama anayepewa habari za mvua ya mbali.

Delvina akaenda kuchukua kamera.

Walipoiacha lami na kuingia njia ya udongo mwekundu inayokwenda ukingoni mwa korongo, simu ililia. Alikuwa Bi. Tsinnie. Delvina akaiweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa ikipigana na usukani.

"Delvina, binamu yangu yuko wapi? Kiti chake kimenuna."

"Mwambie akikalie yeye," mzee alisema.

"Nimekusikia, we mzee! Umepata mchumba nini, mpaka unanikimbia?"

"Nimempata. Ana meno yote, si kama wengine."

"Meno yote! Basi ni ya kununua hayo, mchunguze vizuri." Bi. Tsinnie alicheka mpaka akakohoa. Kwa ukoo walikuwa mabinamu, na mabinamu wana ruhusa ya kuchokozana hadi kaburini. Kisha sauti yake ikatulia. "Delvina, mwanangu. Njia ni mbaya, eeh?"

"Ni... matope, Mama."

"Haya. Jumatatu asubuhi nitamtafutia nafasi. Jumatatu, umesikia? Isipite Jumatatu. Binamu, umesikia nawe?"

Delvina alingoja babake ajibu. Miaka miwili hajawahi kumwachia Bi. Tsinnie neno la mwisho. Lakini mzee alikuwa akitazama mitarakwa ikipita dirishani, majani yake yakidondosha maji.

"Amesikia," Delvina akasema, akakata simu.

Walifika. Upepo ulikuwa baridi, una harufu ya udongo ulionyeshewa na moshi wa mtu fulani mbali. Delvina alitoa kiti cha kukunja nyuma ya gari, akakitanguliza, akarudi kumshika mzee kiwiko. Hatua ishirini ziliwachukua muda mrefu. Mara mbili mzee alisimama akijifanya anasoma mawingu, na mara mbili Delvina alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Chini yao hapakuonekana kitu. Korongo lilikuwa limejaa ukungu mpaka ukingoni, mweupe, mzito, kama bakuli la maziwa. Lakini sauti zilipanda. Mkondo ule ambao mwaka mzima huwa mchanga mtupu ulikuwa ukinguruma, na huku na huko, pasipoonekana, maji yalikuwa yakiporomoka kutoka magengeni.

"Njia ya kushuka shambani imekatika," Delvina alisema.

"Imekatika. Ndiyo maana nimekuleta hapa juu."

Shamba lilikuwa chini kule, mahali mkondo unapopinda: mahindi kidogo, mipichi ishirini na kitu, na nyumba ya mviringo ya magogo ambayo mlango wake unatazama mawio. Lilikuwa la mama yake Delvina, na kabla yake la bibi yake. Kwao ardhi hupita kwa wanawake. Mzee Leander alihamia pale akiwa mkwe kijana, hana kitu ila tandiko la farasi, akapanda nusu ya ile mipichi kwa mikono yake. Sasa lilikuwa la Delvina, ingawa kwa miaka miwili hajalala pale hata siku moja.

Aliisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akafuta lenzi kwa ncha ya skafu. Kabla ya ugonjwa wa mzee alikuwa akifanya kazi kwenye studio huko Albuquerque, akipiga picha harusi na mahafali ya watu. Alikuwa hodari wa kungoja. Watu walisahau kwamba yupo, na hapo ndipo nyuso zao zilipofunguka.

Wingu likapasuka kidogo, mwale mmoja ukaanguka juu ya ukungu. Delvina akainamia kamera.

"Usipige," mzee alisema.

"Mwanga mzuri, Baba."

"Mwanga mwongo. Ukungu haujajua unakwenda wapi. Mjerumani mmoja alimaliza filamu zake zote kwenye mwale kama huo, na ulipokuja wa kweli akabaki anapiga magoti analia. Mtu mzima, na ndevu zake."

"Ulimfanyaje?"

"Nilimpa mkate wa kukaanga. Ungemfanyaje?"

Delvina akacheka. Mzee naye akatabasamu, akajifunika blanketi hadi kifuani. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Kuna mzee mmoja namjua," alisema baada ya muda.

Delvina hakugeuka. Alikaza skrubu ya stendi ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

"Mzee gani?"

"Wa upande wa Lukachukai. Humjui. Mbishi."

"Kama wewe."

"Kunizidi. Mzuri wa sura pia, karibu anifikie." Akavuta pumzi, akaitoa polepole. "Walikuwa wakimkalisha kwenye kiti siku tatu kwa wiki. Damu yake inatoka, inatembezwa, inarudishwa. Siku moja akaona kwamba damu yake inatembea kuliko yeye."

"Ikawaje?"

"Akafikiri. Ana kichwa kigumu lakini anafikiri. Akasema, hizi siku nyingine nne zinazobaki nazitumia kulala nikichoshwa na zile tatu. Sasa mimi naishi lini?"

"Labda alihitaji dawa nyingine," Delvina alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Labda wangempunguzia saa. Kuna wazee wanaopunguziwa."

"Walimpunguzia, wakamwongezea. Haya, jiandae. Tazama pale."

Aliinua kidevu. Upepo ulikuwa umegeuka. Ukungu ulianza kupanda kutoka chini, si wote pamoja, bali kwa vipande, ukichambuka na kurefuka kama sufu inayochanwa kwenye brashi kabla ya kusokotwa. Genge la upande wa pili likatokea, jekundu, limelowa, lina michirizi myeusi inayong'aa kama iliyopakwa mafuta. Kisha maporomoko, moja, mawili, hata Delvina hakuweza kuyahesabu, maji mekundu yakiruka kutoka juu na kugeuka moshi kabla hayajafika chini.

"Bado," mzee alisema.

Vidole vya Delvina vilikuwa baridi. Alitamani kupiga. Aliijua sauti ile; alipokuwa mtoto aliisikia mara nyingi akiwa amekaa nyuma ya gari na kondoo mgonjwa mapajani, babake akiwazuia watu wazima kwa neno lile moja.

"Bado. Bado. Wacha mwanga ufike kwenye miti."

Jua likatoka chini ya wingu. Mwanga ulitambaa kwenye sakafu ya korongo, ukavuka mkondo unaonguruma, ukaifikia mipopla iliyogeuka manjano ya vuli, na miti yote ikawaka kwa mara moja, mstari mrefu wa moto usio na moshi. Pembeni mwake, ndogo kama kisanduku cha kiberiti, nyumba ya magogo. Mipichi ilikuwa imesimama katika maji, lakini imesimama.

"Sasa," mzee alisema, kwa upole sana.

Delvina alipiga. Alipiga tena, akabadilisha, akapiga, hapumui. Hakumbuki alipiga ngapi. Alipoinua kichwa alimwona babake ukingoni mwa macho yake: ameketi wima, kofia nyuma kidogo, mwanga umemjaa usoni mpaka kwenye makunyanzi, na nyuma yake korongo lote likifuka. Katika kazi yake yote hajawahi kuona uso uliofunguka vile. Aliigeuza kamera.

"Kaa hivyohivyo, Baba."

Mzee alivua kofia, akaiweka mbele ya uso wake.

"Nitoe humo."

"Moja tu."

"Nitoe, mwanangu. Piga kule."

"Watu wote uliowaleta hapa walikupiga picha. Umo kwenye vitabu vya watu usiowajua. Mimi sina hata moja ya siku nzuri kama hii."

"Wale ni wageni, wana desturi zao." Kofia haikushuka. "Za mama yako ziko wapi?"

Delvina alijua ziko wapi. Zilikuwa ndani ya sanduku la mbao lililofungwa kamba, kwenye stoo ya Mama Mdogo Ernestine, mwaka wa kumi na moja sasa. Nyumbani kwao picha ya aliyeondoka huwekwa mbali, na jina lake haliitwi, ili asivutwe kurudi njia aliyokwisha kuipita. Delvina alikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo. Picha iliyokuwa juu kabisa ndani ya sanduku aliipiga mwenyewe, kwa kamera yake ya kwanza, mama yake akipukuchua mahindi huku anacheka. Hakuwahi kuomba lifunguliwe. Lakini kulikuwa na doa jeusi shavuni mwa mama yake, na mwaka uliopita, akiwa anaendesha gari, aligundua kwamba hakumbuki tena lilikuwa shavu la kulia au la kushoto. Ilibidi asimamishe gari kando ya barabara. Babake alikuwa amelala kitini, au ndivyo alivyodhani.

"Picha yenye mimi utaiweka mbali," mzee alisema nyuma ya kofia. "Nakujua, hutavunja desturi. Utaifunga kamba, na utaumia. Lakini yenye korongo peke yake utaining'iniza ukutani. Utaitazama kila asubuhi, na hakuna atakayekwambia neno."

Basi mzee wa Lukachukai hakuwapo tena. Hakuwahi kuwapo, na Delvina alikuwa amelijua hilo tangu mwanzo, lakini kulijua ni jambo moja na kulisikia ni lingine. Alishika stendi kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika nguzo kwenye upepo. Jumatatu itapita. Jumanne itapita. Siku kumi, pengine.

Mzee alishusha kofia mapajani. Labda aliona alichofanya, kwa maana alirudi haraka nyuma ya yule mtu wake.

"Yule mzee alikuwa na binti," alisema. "Mpole. Anaendesha gari vibaya kwenye matope."

Delvina alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka.

"Siku moja, akiwa ameketi nje ya dirisha, alimsikia binti jikoni anaongea na simu na mama yake mdogo. 'Nimechoka, Mama Mdogo. Sijui hii itaisha lini.' Basi."

Damu ilimpanda Delvina usoni. Ilikuwa Jumapili iliyopita. Alikuwa amefungulia maji ya bomba ili asisikike. Tangu siku hiyo maneno yale yalikuwa yakimwandama, kwa sababu alijua maneno hufanya nini yakishatoka, na kila mzee alipokosa hamu ya kula alijiambia: ni wewe uliyeyaita haya.

"Labda mzee alisikia nusu," alisema.

"Alisikia yote. Figo zilikufa, masikio yakabaki. Na hakukasirika, usidhani. Ni miaka miwili. Binti aliacha kazi, akaachana na kijana mmoja mrefu ambaye mzee hakumpenda sana, lakini si neno. Ana haki ya kuchoka."

"Labda binti hakumaanisha hivyo."

"Labda."

"Labda binti huyo ni mjinga, hajui kusema."

"Si mjinga. Usimtukane mtoto wa watu." Alikohoa, akafuta mdomo. "Ninachosema ni hiki. Huyo mzee hakuamua kwa sababu ya binti. Alikwisha amua wakati wa kuchuma pichi, alipoona hawezi kupanda ngazi. Asije akabeba mzigo usio wake. Ni hivyo tu nilitaka ajue."

Kule chini mwanga ulikuwa ukihama. Mipopla ya mwisho ilizimika, kisha nyumba, na genge la mbali likabaki peke yake na wekundu wake. Ilikuwa picha nyingine nzuri, na Delvina hakuipiga. Alifikiri njia ya kujibu. Angeweza kusema: huenda binti huyo alimpenda sana mzee wake. Angeweza kusema: mpelekee salamu. Mzee angeelewa, wangekunja kiti, wangerudi nyumbani kula supu ya kondoo, na hakuna neno lolote baya ambalo lingekuwa limetoka vinywani mwao. Ndivyo watu wenye adabu walivyoishi.

Aliiacha kamera pale ilipo, akaja, akapiga magoti matopeni mbele ya kiti. Alishika mkono wa kushoto wa babake juu kidogo ya kifundo, pale madaktari walipounganisha mishipa kwa ajili ya mashine. Chini ya ngozi damu ilikuwa ikitetemeka kama nyuki aliyefungiwa kwenye kiganja.

"Baba," alisema.

"Utachafua suruali."

"Baba, nisikilize. Siku ile sikusema nimechoka nawe." Sauti ilikuwa inamkatika, lakini aliisukuma. "Nimechoka kuogopa. Ukisinzia kwenye kochi nasimama mlangoni nangoja kifua chako kiinuke, na kisipoinuka haraka nashindwa hata kukuita. Nilikuwa namuuliza Mama Mdogo uoga huu utaisha lini. Si wewe. Sikumaanisha wewe."

Mzee alifungua mdomo. Delvina alitikisa kichwa.

"Ngoja, nikinyamaza sitaweza tena. Ukitaka kuacha, sitakulazimisha. Nitakaa nawe kila siku, nitakupikia, maji yakipungua tutashuka shambani kama unataka kuwa kule. Lakini usiseme ni mzee wa Lukachukai. Ni wewe. Na mimi ndiye binti." Akauinua uso. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyafuta. "Sitaki ufe, Baba. Nasikia vibaya kulitamka, lakini ndilo nililokuwa nalo moyoni miaka yote miwili, na nisiposema leo nitamwambia nani? Sitaki ufe."